Kona ya Shuka Hukatwa Kwanza

11 Machi

Dada, nisamehe kwa kuchelewa. Daftari hili ulinipa siku ile unaondoka, ukaniambia nikuandikie kidogo kidogo mpaka mvua ziishe, halafu nikutumie lote kwa mpigo mmoja. Mvua zimeanza zamani. Daftari limekaa juu ya kabati likinichungulia, na kila nikilishika, mwanangu Chifu analia, au sufuria inafurika, au baba mkwe ananiita nimsikilize. Sina kisingizio kingine. Nimechoka tu, hata kalamu naiona jembe.

Nianze na kazi, maana uliondoka sijaipata. Niko hospitalini, chumba cha kushonea, nyuma ya londri. Shuka likichanika au likilika katikati, linafuliwa, linakaushwa, kisha linapigwa muhuri kwenye kona. Muhuri ni neno la Kiingereza, sisi tunalitamka kondemu. Maana yake limehukumiwa, halirudi wodini. Lakini halitupwi, linakuja kwetu. Mkubwa wangu pale ni mama mmoja mtu mzima, wote tunamwita Bi Sindano. Analipasua shuka katikati, palipolika anapageuza pindo, pembeni kuliko kuzima anakuleta katikati, na shuka linapata maisha mengine. Likishindikana kabisa tunakata vitambaa vya kufungia watoto wachanga. Navyo vikichakaa vinakuwa matambara ya deki.

Kabla ya yote hayo Bi Sindano anaikata ile kona yenye muhuri. Alinifundisha hilo kabla hajaniuliza naitwa mama nani. Kona hukatwa kwanza, mtoto wa mtu asije akafungwa neno lile.

Kwangu mimi uzuri wa kazi hii si mashuka. Ni kwamba Chifu analala humo humo, ndani ya kikapu kikubwa cha foronya, karibu na mguu wangu. Akilia namnyonyesha, tunaendelea. Upande wa mashine za kufulia mtoto haruhusiwi, kuna mvuke na dawa kali. Baba yake yuko barabarani na lori, anarudi anapojaliwa. Nyumbani kuna baba mkwe peke yake. Kwa hiyo chumba kile ndicho kinachoniweka pamoja na mwanangu. Kikifungwa, sijui.

12 Machi

Mvua. Nepi hazikauki. Nimezianika mpaka juu ya redio ya baba mkwe, ambayo haijasema neno tangu kabla sijaolewa.

15 Machi

Tumeletewa meneja mpya wa usafi kutoka ofisi kuu. Ni dada mmoja nadhifu, viatu vyake havijui matope, anatembea na mkoba wa lebo na mihuri. Chai ya saa nne haijanyweka, jina lilikuwa limeshampata: Bi Lebo.

Alitukusanya akasema kondemu ni neno la kizamani na linatisha. Mgonjwa mmoja aliliona kwenye kona ya shuka lake, lilipita kwa bahati mbaya, akadhani ni habari yake. Kuanzia leo tuseme dispozi. Bi Sindano akauliza, kwa adabu kabisa, na kitambaa chenyewe kitakwenda wapi. Bi Lebo akaangalia karatasi yake. Kikiwa dispozi kinatiwa kwenye mfuko mwekundu, mfuko unafungwa kwa lebo, unapelekwa kwenye tanuru la taka.

Kwa hiyo hakiji kwetu. Kwenye karatasi yake sisi hatumo kabisa. Hakutufukuza wala nini, hakujua tu kwamba tupo.

16 Machi

Baba mkwe alifundisha Kiingereza mpaka nywele zikaisha, na sasa wanafunzi wake ni mimi na Chifu. Kosa langu, nilimsimulia habari ya mihuri wakati napakua. Chakula kikapoa. Akanieleza kwamba kondemu ni neno la mahakamani, lilikuwa la watu kabla halijafika kwenye mashuka. Na dispozi, hapo zamani, halikuwa kutupa hata kidogo. Lilikuwa kupanga, kuweka kila kitu mahali pake. Baadaye wenyewe wakaanza kulitumia kwa kitu wanachotaka kisionekane.

Nikamwambia sawa baba, kula. Akasema, "Mwanangu, hawa hawatupi kitu mpaka wakipatie neno lisilonuka."

Mkono mmoja nina kijiko, mwingine nina mtoto anayekohoa. Kichwani mwangu kulikuwa na swali moja tu, wiki ijayo nitashona nini.

20 Machi

Mifuko myekundu inapita mlangoni kwetu kama msafara wa mazishi. Bi Sindano amenoa mkasi mara mbili na hana cha kukata.

22 Machi

Dispozi imefutwa. Wiki moja tu. Ofisi kuu wamesema ni neno kavu. Sasa shuka halitupwi, linastaafu. Muhuri mpya unasema ritaya. Nilidhani pengine neno la upole litakuwa na njia ya upole, nikamuuliza Bi Lebo. Mfuko ni ule ule, tanuru ni lile lile.

Bi Sindano, ambaye zamu yake ya kustaafu haiko mbali, aliutazama ule muhuri akasema basi siku yake ikifika wamtafutie mfuko wa saizi yake. Wafuaji walicheka. Yeye hakucheka.

Bi Lebo alinivuta pembeni baadaye. Alisema ameona chumba chetu hakina kazi ya kutosha, na mwisho wa mwezi wa nne atakiunganisha na londri. Mimi ningehamia kwenye mashine. Nikamwonyesha kikapu cha foronya na aliyelala ndani. Akainama akamtazama Chifu kwa muda mrefu kidogo. Akasema yeye hajamwona, na mimi nisimwonyeshe tena. Nilishindwa kujua kama ni wema au ni onyo.

24 Machi

Jumapili. Kufua, kupika, kufua.

27 Machi

Paa linavuja juu ya kitanda cha Chifu. Mahali pakavu ni pale ukutani kwa baba mkwe tu, na pale pamejaa: magazeti, beseni lililotoboka, redio, miamvuli mitatu isiyofunguka. Asubuhi nikalitoa beseni nikaliweka kwenye pipa la nje. Niliporudi kutoka kazini lilikuwa limesharudi ndani, limefutwa maji, limekaa juu ya magazeti kama mgeni rasmi.

Sikupaza sauti. Nilimwambia, "Baba, nakuheshimu. Lakini leo uchague, alale beseni au alale mjukuu wako."

Akasogeza magazeti. Akasogeza kidogo tu, kitanda kikaingia kwa kubanwa. Halafu, badala ya pole, akanipa somo. Lile neno la Kiingereza la takataka zilizozagaa njiani, lita, zamani lilikuwa kitanda. Kisha likawa majani makavu ya kulalia, ya watu na ya wanyama. Kisha majani yakatawanyika, na neno likaenda nayo. Janki ilikuwa kamba kuukuu ya meli, na mabaharia hawakuitupa, waliifumua wakatengenezea vitu vingine. Gabeji ilikuwa maini na filigisi za kuku, watu walipikia supu. "Karibu kila neno lao la taka," akasema, "lilianza likiwa kitu cha maana ndani ya nyumba."

Nikamwuliza na beseni lilianza likiwa nini. Akalichukua akalipakata. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumshinda, na sikusikia raha niliyoitegemea. Baadaye akasema lilikuwa beseni la marehemu mke wake. Mume wangu hakuwahi kuniambia.

2 Aprili

Tanuru la taka limeingia maji. Mifuko myekundu imepangwa ukumbini, ukuta mzima, na mvua haina dalili ya kuchoka.

4 Aprili

Sasa mashine ya kukaushia nayo imekufa. Mashuka mabichi yananing'inia kila ngazi, unapita ukiwa umejikunja. Bi Lebo amepiga simu ofisi kuu mpaka sauti imemkauka. Wamemtumia lebo nyingine.

6 Aprili

Nitaandika yote, ingawa mkono unauma.

Asubuhi mkunga alikuja chumbani kwetu mwenyewe, hakutuma mtu. Wodi ya wazazi haina kitambaa kikavu hata kimoja. Watoto walikuwa wamezaliwa tangu alfajiri na wengine walikuwa njiani. Mmoja alimfunga kwa sweta lake mwenyewe, akatuonyesha mikono yake mitupu ili tuamini. Kulikuwa na baridi ile ya mvua inayoingia kwenye mifupa.

Nikatazama ukumbini. Mifuko ile, dada, ndani yake kuna mashuka yaliyofuliwa, yaliyokaushwa kabla mashine haijafa, safi kabisa. Kosa lao ni kuchanika tu. Nikamwambia Bi Sindano twende tukafungue.

Akakataa.

Nilidhani sijasikia vizuri. Huyu ndiye aliyenung'unika mwezi mzima. Akakaa kwenye kiti chake, mkasi mapajani, akasema, "Lebo imeandikwa usifungue. Miaka yote nimekata nilichopewa. Sijawahi kukata nilichochukua."

Nikamwambia, kwa upole lakini bila kupepesa, "Bi mkubwa, basi kaa. Mimi nitachukua, wewe nitakupa. Hapo utakuwa umepewa."

Nikamfunga Chifu mgongoni, nikaenda nikapasua lebo ya mfuko wa kwanza.  Nikamtupia shuka mapajani. Akalitazama, akanitazama, akavuta pumzi, akakata kona. Baada ya hapo hatukuinua kichwa. Yeye anakata, mimi napiga pindo, mkunga anabeba. Sijawahi kuona mtu wa umri ule akikata vile. Niliona pia kwamba si mkaidi wala si mwoga, ni mtu aliyejishikilia kwenye utaratibu kwa sababu utaratibu ndio uliomshikilia yeye, tangu alipofiwa, tangu watoto wake walipotawanyika. Na mimi nimemfanya auachie asubuhi moja.

Mchana akaenda kunywa maji, nikakata peke yangu vipande kadhaa. Kwa haraka. Chifu alikuwa analia.

Kona moja sikuikata.

7 Aprili

Kitambaa hicho kilimfunga mtoto wa kike, mnene, mwenye nywele nyingi. Bibi yake alikuja kumwona asubuhi, mama mmoja mwenye mdomo, anasoma Kiingereza vizuri. Akakuta kifuani kwa mjukuu wake muhuri wa wino, ritaya. Akatoka mpaka ukumbini, mtoto mkononi, akauliza kwa sauti ya kusikika ghorofa zote mbili, "Mjukuu wangu kazaliwa jana, leo mmeshamstaafisha? Hata mshahara mmoja hajapokea?"

Wodi nzima ilicheka. Wenye simu walipiga picha. Jioni picha ilikuwa imefika ofisi kuu kabla ya Bi Lebo kufika kwenye gari lake.

Bi Sindano hakunigombeza. Alisema tu, "Nilikwambia kona kwanza." Ingekuwa afadhali anigombeze.

8 Aprili

Niliitwa ofisini. Nilijua. Nilimnyonyesha Chifu kwanza, nikamwachia Bi Sindano, nikaenda.

Bi Lebo alikuwa amekaa, viatu vyake vina matope mpaka kwenye kisigino. Hakufoka. Akaniuliza nani alifungua mifuko, nikasema ni mimi. Nani mwingine, nikasema ni mimi. Akashusha pumzi. Akasema kuanzia mwezi wa tano naachiliwa kutoka chumba cha kushonea ili niweze kujiendeleza katika kitengo kingine.

Nikamwomba samahani, nikamwambia mimi sikusoma sana, aniambie kwa maneno ya nyumbani. Akaanza kupanga karatasi zake. Nikamsaidia. "Chumba kinafungwa, mimi naenda kwenye mashine, na mtoto wangu haingii huko. Ndivyo?"

"Ndivyo," akasema.

Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Haya maneno sijayatunga mimi. Naletewa, kama nyie mnavyoletewa mashuka. Wakinichoka watanitafutia la kwangu, tena zuri kuliko yote."

Nilitoka pale nimemkasirikia, lakini sikuweza kumchukia tena, na hilo lilinikera zaidi. Kumchukia kulikuwa kunanipumzisha.

9 Aprili

Nimemwambia baba mkwe. Badala ya kufungua kamusi, akamchukua Chifu akampakata.

15 Aprili

Mvua. Chifu anatambaa kinyumenyume. Ameingia chini ya kitanda akakwama.

30 Aprili

Siku ya mwisho ya chumba. Bi Sindano naye ameambiwa asirudi. Walimpa keki. Alikata keki kama anavyokata shuka, akaanza na kona, akaiweka pembeni, hakumpa mtu. Sijui wengine waliona. Mimi niliona ikabidi nitoke nje.

2 Mei

Jana niliripoti kwenye mashine. Chifu nilimwacha na babu yake. Nimwachie nani mwingine? Siku nzima nilimwona kichwani akidondoka kitandani huku babu anatafuta neno kwenye kamusi. Maziwa yalinivujia mpaka kwenye aproni. Mvuke unachoma macho, kwa hiyo hakuna aliyejua nani analia na nani hajambo.

Nilirudi mbio. Baba mkwe alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, Chifu amelala kifuani kwake. Vitabu vyote vilikuwa vimefungwa. Shati lake lilikuwa limelowa uji. Kikombe cha maziwa niliyoacha kilikuwa kimejaa vile vile.

"Amekataa kikombe," akaniambia. "Nimejaribu kila njia. Usidhani amenyamaza kwa sababu yangu, mwanangu. Amechoka tu."

Angeweza kunidanganya ili nipate usingizi. Hakunidanganya. Nilikaa naye pale chini, nikanyonyesha mbele ya baba mkwe bila hata kukumbuka kugeuka.

3 Mei

Kikombe, amekataa. Kijiko, amekataa. Chupa ya jirani, ameitema ukutani.

6 Mei

Leo sikuingia londri. Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Lebo, Chifu mgongoni, wazi wazi, aone. Nilimwambia tanuru bado lina maji, mifuko inajaa ukungu, wodi ya wazazi bado inaazima sweta. Nipe mifuko hiyo. Nitashona nyumbani, na Bi Sindano atakata. Wodi itanunua vitambaa kwetu kwa kifurushi, kama inavyonunua pamba.

Akasema haiwezekani, kitu kilichoandikwa ritaya hakitoki getini, kinaweza kutoka kama moshi tu. Nikamwambia basi atafute neno linalotoka getini, yeye si ndiye fundi wa maneno. Na kama neno halipo, mimi kazi ya mashine naiacha leo, kwa hiari yangu, wala asiniandikie kwamba nimeachiliwa.

 Nyumbani hatuna akiba ya kujivunia. Lakini nilikuwa nimesema, na mdomo haurudishi.

7 Mei

Kimya. Nimepiga deki nyumba mara mbili. Mume wangu alipiga simu kutoka njiani, nikamweleza. Akauliza nimefikiria vizuri. Nikamwambia hapana, nimefikiria haraka. Akacheka, akasema haya.

10 Mei

Bi Lebo amekuja kwetu. Yeye mwenyewe, kwenye matope, na gari la hospitali nyuma yake limejaa mifuko. Alikuwa amepigana na ofisi kuu siku tatu. Walikataa neno kugawa, wakakataa kutoa, mwisho wakakubali donesheni, yaani msaada, kwa sababu hilo linapendeza kwenye ripoti yao ya mwaka. Wodi imekubali kununua kwa miezi sita, halafu wataangalia. Miezi sita si maisha. Lakini Chifu kufikia hapo atakuwa anakula chakula kigumu chochote kinachowekwa mbele yake.

Baba mkwe alilitafakari hilo neno, donesheni, kwa kitambaa kilichochanika. Nilisubiri somo. Akamkaribisha mgeni kiti tu.

Bi Lebo alipoondoka alinishika mkono. Mkataba wake unaisha mwezi wa saba na hakuna aliyemwambia kitu. Nikamwambia akikosa pa kwenda, huku kuna mkasi. Alidhani natania.

13 Mei

Cherehani tumeazima kwa jirani, ila haikuwa na pa kukaa. Niliporudi kutoka sokoni nikamkuta baba mkwe mlangoni, mvua nyepesi inamnyeshea, anabeba redio. Magazeti yalishatoka. Miamvuli ilishatoka. Sikusema kitu, nikashika upande wa pili. Beseni peke yake nililirudisha mimi, nikalipachika ukutani, halisumbui mtu pale.

Nikamwuliza, kwa kumchokoza, hili tunalofanya linaitwaje kwa lugha yake.

"Tunatupa," akasema. "Shika vizuri, usije ukateleza."

19 Mei

Bi Sindano anakuja kila asubuhi na kiti chake mwenyewe. Yeye na baba mkwe wanabishana tangu kufika mpaka kuondoka. Anamwita Mwalimu Gazeti. Baba mkwe naye anamwita Mama Kona. Kazi ya babu ni kuhakikisha Chifu hafiki kwenye pini, na tangu tuanze hajafungua kamusi saa za kazi hata mara moja. Kelele nyumba nzima. Nakereka mpaka nacheka.

26 Mei

Jua, tangu asubuhi. Dada, kesho dereva mwenzake mume wangu anapita, nitampa daftari akuletee. Asante kwa nepi ulizotuma mwezi uliopita. Bado nahitaji hivi, na usiongeze vingine, mzigo utakuwa mzito:

Mkasi mmoja wa kukatia, mrefu, mzito, wa kushoto. Bi Sindano anakata kwa kushoto na huu wetu unamkwaruza kidole.

Uzi mweupe wa pamba, magurudumu makubwa sita. Usichukue ule unaong'aa, unakatika.

Sindano za cherehani nene, paketi mbili, na mkanda wa cherehani mmoja.

Dawa ya kutoa wino kwenye kitambaa, kama huko ipo. Mashuka mengine yana mihuri yote mitatu, mmoja juu ya mwingine, na wameipiga katikati ambako mkasi haufai.

Miwani ya kusomea ya bei rahisi, ya mama mtu mzima. Sema ni zawadi. Ukisema nimeagiza hataivaa.

Bati moja siwezi kukuomba, najua, lakini gundi ya kuzibia paa, kopo moja.

Na viatu vya Chifu, laini, vya mtoto anayeanza kusimama. Leo asubuhi ameshika mguu wa cherehani akajiinua, akatuangalia mmoja mmoja, akakaa. Nilikuwepo.